Dada za Baba Yetu

Aboowe, kaka yangu,

Watu wengi hudhani ugonjwa wa saratani ya titi hurithiwa kwa mama peke yake, kwa kuwa titi ni la mwanamke. Hata sisi manesi wa kliniki ya wajawazito hapa Garissa tulidhani hivyo. Baba naye hurithisha. Anaweza kuubeba bila kuugua, akampa binti yake kama anavyompa pua yake.

Lakini kosa lako halikuwa kutojua. Wewe ulijua.

Sahra, binti yako, aliponijia na uvimbe kwenye titi la kushoto, akiwa ananyonyesha mtoto wa miezi mitano, nilikuja kwako kwanza. Nikakuuliza kwa adabu, kama mdogo wako na kama nesi: kwetu kuna aliyewahi kuugua titi? Ukacheka. "Huna ugonjwa mwingine wa kututafutia?" Nikauliza juu ya wale dada wawili wa baba, waliokufa nikiwa shule ya bweni. Ukasema, "Walikufa kwa uzazi." Basi nikamwambia Sahra ni maziwa yaliyoganda, akande kwa maji moto. Alikanda miezi minne, Aboowe. Kwa neno langu, na neno langu lilitoka kwako.

Ukafa mvua zilipokata barabara ya Nairobi. Siku ya tatu ya matanga akafika Eeddo Dahabo kutoka Hadado, shangazi yetu pekee aliyebaki. Nikamtajia wale dada zake waliokufa kwa uzazi. Akanitazama kama mtoto. "Uzazi gani? Matiti yaliwaoza, wote wawili, wangali vijana. Kaka yako ndiye aliyewachimbia kaburi. Wewe, vyeti vyote hivyo ukutani, hujui shangazi zako walikufa na nini?" Nikauliza kwa nini ulinificha. "Angesema, nani angewaoa binti zake?"

Wewe! Wewe uliyewafundisha watoto wetu abtirsi, nasaba ya ukoo wetu, baba baada ya baba mpaka thelathini, ukipiga fimbo chini mtoto akiruka jina moja. Nilikuona ndiwe kumbukumbu yetu. Sasa naona mlolongo ule wote hauna mwanamke hata mmoja, na humo ndimo ulimowaficha.

Sahra yu hai. Walimkata titi Nairobi, barabara ilipofunguka. Dawa zimemfunga hedhi, naye ana miaka ishirini na sita. Daktari anasema huenda itarudi, huenda isirudi, na ikirudi asibebe mimba upesi. Mama mkwe wake keshasema, "Nyumba ya mtoto mmoja ni hema la nguzo moja." Sahra aliniuliza jambo moja tu: "Eeddo, ningeambiwa mapema, ningepata wa pili?" Nikaanza kumweleza kwamba uvimbe ukishikwa ungali mdogo, pengine dawa huwa si kali hivi... Nikakatiza, nikampokea mtoto wake mikononi. Mimi, ninayependa kueleza.

Amebaki Ifrah, kitindamimba wako. Nikaha yake ni mwezi ujao. Ndugu zetu walisema, "Mwache azae kwanza." Nikawaambia hapana: titi la mimba na la kunyonyesha huvimba na kuwa gumu, uvimbe hujificha humo. Apimwe kabla. Huenda hakurithi chochote, na hata akiwa amerithi, haikatazwi kuolewa wala kuzaa. Nilimweleza yote asubuhi. Akaenda mwenyewe kumwambia mchumba wake. Kijana amesema atajibu Ijumaa. Sijui atasema nini. Ifrah hakulia. Alisema, "Afadhali anikatae akijua."

Lala, Aboowe. Nakuombea kila sala. Kukusamehe bado sijaweza, sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Ila nakuahidi hili: Shamsa na Ardo, dada za baba yetu, watatajwa kwa majina na kwa ugonjwa wao mbele ya kila binti wa nyumba hii.

Barua hii naiacha wazi mezani. Nawe uliyeikuta ukaisoma, leo hii mwulize baba yako dada zake walikufa kwa ugonjwa gani.