Yanayokuja Baada ya "Ila"

Mpwapwa, Jumatano alasiri. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, macho yanawasha, na moyo wangu nao hautulii.

Leo nyumba zote nilizopita nimejibiwa "njema". Bwana daktari amefurahi, anasema ndui inakwisha. Mimi karani wake najua haijakwisha. Watu wameacha kuniambia, na kosa ni langu.

Ndui ilipoingia na msafara, daktari huyu Mdachi aliniagiza nizunguke tembe kwa tembe niandike wagonjwa. Nilipouliza nani anaumwa, walinyamaza. Basi mimi, kijana wa pwani mwenye ulimi wa asali, nikajiona mjanja: nikaacha kuuliza, nikawa nasalimia tu. Habari za nyumbani? Hakuna mtu anayeanza na shida. Husema kwanza "njema", halafu "ila". Baada ya ila hutoka yote. Nilikuwa nasema pole, nikishapita ukuta naandika.

Nilisifiwa sana bomani. Nilipenda kusifiwa.

Mama Sechelela ndiye aliyenipa maziwa ya mgando siku niliyofika huku sina ndugu. Mwezi uliopita aliniambia, "Njema, mwanangu, ila Sechelela katokwa na vipele." Kesho yake askari walimchukua binti mpaka vibanda vya karantini ng'ambo ya korongo, na jina lake likasomwa kwa sauti mbele ya boma, kama yanavyosomwa yote. Baadaye ikaonekana ni tetekuwanga, akarudishwa. Hilo halikusomwa. Kisimani wanawake bado wanamkwepa, na wazee waliokuja kumposa hawajaonekana tena.

Leo nilimwamkia mama yake. Akaitikia marahaba. Nikamwuliza habari za nyumbani.

"Njema."

Nikasubiri. Akalitazama daftari kwapani mwangu, akaendelea kupepeta uwele. Ndani nilisikia mtoto akilia kwa unyonge, kilio cha homa. Nadhani ni mjukuu wake. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama huyu hakuona ung'ongo. Nyoka mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pake, anamwamkia.

Kuwatenga wagonjwa sikupingi. Kaka yangu alikufa kwa ndui, naijua. Lakini mtu anayeitikia salamu yangu hajaijibu serikali. Nilichukua siri za watu bila wao kujua wanazitoa, kisha zikatangazwa uwanjani. Huo ni wizi, hata kama nilitumwa kutafuta wa kutibiwa.

Mchana nilimwomba daktari majina yasisomwe tena. Akasema kazi ya karani ni kuandika, na nikiongeza neno nitalazwa chini nipigwe viboko hamsa wa ishirini. Niliogopa, sifichi. Nikasema ndiyo bwana, nikatoka.

Kesho nitakwenda kwa Mama Sechelela bila daftari. Nitamwamkia, na habari za nyumbani sitamwuliza mpaka nimeshamweleza nilichokuwa nafanya na kumwomba radhi. Halafu nitamwambia wazi: mama, nikijua kuna mgonjwa nitamleta daktari, maana huenda safari hii ni ndui kweli, ila jina sitaliandika, wapige mgongo wangu. Aamini au asiamini, ni haki yake. Akinifukuza, nimestahili.

Lakini yule mtoto anayelia ndani, yeye amekosa nini?