Kope Zako na Macho ya Nyanya

Nadhira,

Mukimo uko kwenye sufuria, upashe moto. Anua nguo kabla manyunyu hayajaanza. Nimempeleka nyanya yako kwa daktari wa macho.

Asubuhi aligonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, akasema, "Samahani, Nadhira." Alidhani ni wewe. Nikatafuta dawa yake ya presha ya macho, nikaipata kwenye mkoba wako wa vipodozi pamoja na kibrashi cha kope. Nami siku ya Idi nilizisifu hizo kope ndefu mbele ya wageni, kumbe ni dawa hiyo iliyozirefusha!

Chupa ya mwezi mzima iliisha kwa wiki mbili, nikamgombeza kwamba anamwaga. Ulikuwepo, ukanyamaza. Leo ameniambia kuwa tangu siku hiyo anatia jicho moja tu, usiku huu hili, kesho lile, ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Daktari amesema kwenye simu kwamba kilichopotea hakirudi.

~~Usimwambie, atavunjika moyo.~~ Tukirudi, mwambie wewe mwenyewe dawa ilikokwenda. Na usimame mbele yake kabisa. Kando haoni tena.

Mama