Wamemwandika Ammi marehemu

Tehmina, nimetoka mkutanoni sasa hivi. Usinipigie, nitapiga kelele hapa barabarani.

Unajua wanavyotaka kulibomoa jengo letu la mtaa wa Saddar wapandishe mnara wa ghorofa arobaini. Leo wamekuja na karatasi ya sahihi. Eti wapangaji wote tumekubali kuhama!

Nikatafuta jina la mama yangu. Penye sahihi yake pameandikwa MAREHEMU. Marehemu, Tehmina! Na Ammi mwenyewe ameketi kiti cha mbele, anachovya biskuti kwenye chai yao!

Nikamuuliza yule mwenye kampuni ya ujenzi, Wajahat, "Na huyu ni nani?" Akacheka. Alicheka! "Dada, ni kosa la karani tu. Jengo lenyewe lina miaka mia na kumi, nalo ni maiti."

Ammi akaweka kikombe chini. "Mwanangu, umenizika asubuhi yote hii na hata rambirambi hukuleta nyumbani kwangu?"

Ofisa wa serikali wa majengo ya kale, aliyekuja kusimamia mkutano, akaichukua ile karatasi, akamwomba Ammi atie alama ya kidole gumba juu ya lile neno. Kibali cha kubomoa kimesimamishwa, na karatasi inapelekwa polisi.

Wajahat, hana hata haya, akatufuata mpaka kwenye ngazi. "Mama, nitakupa flati ghorofa ya thelathini, uione bahari yote."

Ammi hata hakugeuka. "Bahari nilikuwa naiona kutoka paa letu, mpaka mlipoanza kujenga."