Mtalii wa Uvira

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kavimvira, mjini Uvira, tuko wazima, na mama yako amemaliza kuvuna mpunga. Unauliza kama weye, unayejitolea huko Senegali, uombe viza ya Gambia kwa mapumziko tu, au udanganye kwamba una ndugu kule.

Nilipokuwa nikifundisha kwa kujitolea Burundi, nilichukua likizo kwenda Kigoma. Maneno ya afisa wa mpakani niliyaandika siku ileile kwenye daftari langu:

"Mkongo, wewe ni mkimbizi au mchuuzi? Chagua!"

"Mtalii, afande."

"Mtalii wa Uvira!" Ofisi nzima ikacheka.

Nilikaa kwenye benchi lao hadi saa tisa, nikikataa neno jingine, mpaka akaandika "mtalii". Kigoma nililala, nikaogelea, nikala mikebuka, wale samaki wa ziwani.

Andika "mapumziko", Neema. Hatuhitaji vita wala biashara ili tuvuke mpaka.

Babu yako