Majalada Mia Mbili ya Kutu

Tarehe 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu wa kufungwa waya, na chai imo ndani ya kikombe, si pembeni yake. Ndiyo, Shangazi ameniambia. Ameniambia pia alichosema daktari: mtoto wa jicho, macho yote mawili, upasuaji ufanyike kabla hujapoteza uoni kabisa. Wewe ukajibu utafikiria. Baba, umefikiria miezi minane sasa. Mimi huku sijambo, bado nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na nanuka sabuni hata siku za mapumziko.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Bendi yetu inatoa albamu, ya kwanza. Najua ulisema nini siku nilipoondoka nyumbani, kwamba kelele hizi zitaniharibia koo na sitafika nazo popote. Sikuombi uyafute maneno hayo. Nakuomba unichapie majalada.

Sisi watu wa metali kali, muziki ule wa magitaa mazito unaopigwa chini kwa chini, albamu zetu hazikai madukani. Tunazitoa kwenye kanda, nakala mia mbili tu, kila moja ina namba iliyoandikwa kwa mkono. Tunazinakili moja moja chumbani kwa mpiga ngoma wetu, halafu tunazituma kwa posta kwa wenzetu wa miji ya mbali, nao wanatutumia za kwao. Kuna bwana mmoja, sisi humwita Karani, ambaye kila mwezi hupiga chapa karatasi mbili za habari za albamu mpya, akazitoa nakala kazini kwake bosi akiwa kwenye mkutano, akazisambaza kote. Bendi zote zinaomba zitajwe humo. Yetu lazima imfikie kabla ya tarehe mosi Aprili.

Bendi inaitwa Kutu. Albamu inaitwa Chini ya Majivu. Nimekuwekea kanda moja uisikilize, na nembo amechora mpiga ngoma, tunamwita Kimya kwa kuwa haongei, anapiga tu. Ichape hivyo hivyo ilivyo, wino mweusi karatasi nyeupe. Ningeweza kupeleka kwa mchapaji wa huku. Sikutaka. Nilitaka mkono wako uwe juu ya kitu changu.

Na kuhusu macho, nijibu, usiniruke.

Wako,
Bintiyo

*

Tarehe 20 Februari

Mama yangu mdogo,

Marahaba, mwanangu. Sisi huku wazima, mashine nzima, na shangazi yako mdomo wake nao mzima kabisa, haujapata hata mafua. Chai ilimwagika siku moja tu, tena kikombe ndicho kilichosogea.

Kanda nimeipata. Niliiweka kwenye redio ya karakana, mteja wa kadi za harusi akiwa pale na mchumba wake. Ilipoanza nilikimbilia mashine nikaizima, nikidhani imemeza kitambaa cha kufutia wino. Mashine ikazimika, kelele zikaendelea. Yule mchumba akamshika mwenzake mkono wakatoka, wamesema watarudi. Nikasogea karibu na redio nikasikiliza ile sauti inayounguruma, nikafikiri, huyu mwanamume ana matatizo gani? Halafu mwishoni mwa ule wimbo wa pili ile sauti ikavuta pumzi, vile wewe ulivyokuwa ukivuta ukiwa mdogo kabla ya kulia. Nikakaa chini. Kumbe ni wewe.

Sikufichi, muziki wenyewe sijauelewa. Ila ngoma za huyo Kimya nimezielewa. Anakwenda kama mashine yangu ya zamani nikiipa mwendo wa mwisho, ile uliyokuwa unalala chini yake mchana. Sasa naiweka nikifanya kazi, mkono unakwenda wenyewe.

Lakini jina jamani. Miaka arobaini napigana na kutu kwa mafuta na brashi, mtoto wangu anakwenda kuipa bendi. Tena majivu. Hamna hata kitu kimoja kinachochanua huko kwenu?

Mchoro nimeupata. Nimeuangalia dirishani, nimeuangalia chini ya taa, nikautoa hata nje juani. Kazi itatoka safi, usiwe na wasiwasi. Ni kazi ya kwanza kuniomba tangu uondoke, sitakuangusha.

Macho hayajambo. Hayo mambo ya kuwekewa kisu jichoni tuyaache kwanza. Mahali pengine popote ukikatwa unaweza kuangalia pembeni.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 18 Machi

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Kifurushi kimefika leo. Tulikuwa wote wanne chumbani kwa Kimya, tumekifungua pamoja kama watoto. Sijui niseme nini. Nembo iko wapi? Kimya alikaa wiki tatu akiichora ile nembo, mstari kwa mstari. Wewe umetuwekea KUTU kwa herufi kubwa nene, zimesimama kama askari, kama tangazo la mazishi. Na maua, baba. Umezungushia maua ya kadi za harusi pembe zote nne. Mara mia mbili.

Niliandika waziwazi, hivyo hivyo ilivyo. Kama hukutaka kuifanya ungesema tu, ningepeleka kwingine. Umenirekebisha kama ulivyokuwa ukinirekebisha siku zote, mavazi yangu, sauti yangu, sasa hata hiki. Nilidhani safari hii umenisikia.

Muda wa kuchapa mengine hatuna. Tutatumia hayo.

Bintiyo

*

Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Natumaini u mzima na hasira imepungua kidogo, na kama haijapungua, ni haki yako. Barua hii nimeianza mara nne. Utaona herufi zimekuwa kubwa na mistari inateremka mlima. Nisamehe, ndivyo ninavyoandika siku hizi nisipokuwa najikaza.

Sikukurekebisha. Nataka uamini hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Macho yangu yamekwisha, mama. Kadi zote za mwaka huu nimezipanga kwa vidole. Herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, kila moja ina sura yake kidoleni, na droo nazijua kuliko mifuko yangu, kwa hiyo mteja hajui na shangazi yako anahisi tu. Lakini mchoro hauna herufi za kushika. Lazima uuone. Ulipofika ule wa Kimya nikaona kichaka. Nikausogeza, nikauwekea kile kioo cha kukuzia ninachosomea barua zako, kichaka. Nikapeleka juani, kichaka kikazidi. Nilijua kabisa kuna herufi nne pale ndani, ulikuwa umeniandikia ni zipi, na sikuipata hata moja. Nikajua siku niliyokuwa naiogopa imefika, kwamba nimeshindwa kusoma neno fupi kama lile, tena la mwanangu.

Nilipaswa kukuandikia kwamba siwezi. Nilishindwa. Ungejua mimi ni kipofu na usingeniomba kitu tena maishani. Basi nikafuata ninachokijua, nikachukua zile herufi kubwa za mbao, nikapapasa, nikapanga jina lenu vizuri lisomeke na kila mtu. Maua ni mazoea ya mkono tu. Droo ya maua iko jirani na ile, na pembeni nilihisi pamebaki patupu. Nilidhani yatakufurahisha.

Nimekuharibia kazi yako ya kwanza kwa kuona haya. Mwambie Kimya namwomba radhi kwa wiki zake tatu.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 9 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu. Barua yako niliisomea chumba cha pasi nikaunguza shuka la watu. Nimecheka, nimelia, msimamizi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Baba, nembo ile haisomeki. Hakuna anayeisoma. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kwenye muziki huu jina la bendi huchorwa likasokotana hadi mgeni asiweze kulisoma, anayetujua anatujua. Hilo nilisahau kukueleza kwa kuwa sisi tumelizoea. Leo nimewaonyesha watu saba kazini. Mmoja kasema ni mti uliopigwa radi. Mwingine, ramani. Mama wa zamu ya mchana kasema ni nywele zilizoziba bomba la bafu. Kimya mwenyewe nilipomuuliza U ya pili iko wapi alikuna kichwa. Uliona kichaka kwa sababu ni kichaka.

Yale maneno ya barua yangu iliyopita yananichoma. Nilikuwa na uhakika nakujua, na sikukuuliza hata swali moja. Nisamehe.

Sasa sikiliza na la pili. Karani ametutaja. Mwezi huu ana albamu kumi na tisa, na nakunukulia yetu neno kwa neno: "Kutu, Chini ya Majivu. Nimechoka kuona mafuvu. Hawa wameweka jina lao wazi kabisa na kulizungushia maua kama kadi ya mwaliko, halafu unabonyeza na mwanamke anakuungurumia kutoka chini ya sakafu. Jalada hili limenitisha kuliko mengine yote kumi na nane." Kanda zimebaki kumi na moja. Kuna mtu kaandika kutoka mbali akiuliza msanii wa maua ni nani. Kimya, ambaye huwa hasemi, alisema, "Mwambie mzee nisingeyawaza."

Lakini usijifiche nyuma ya kicheko hiki, nakujua. Nembo haisomeki, sawa. Kikombe je? Kadi unazopanga kwa vidole je? Mistari inayoteremka mlima? Bado kuna wakati, daktari alisema upo. Nakuja nikushike mkono. Tuna onyesho la kuzindua albamu tarehe sita mwezi ujao, litangoja.

Nimeambatanisha ile nembo yenyewe, karatasi aliyoichora Kimya, uliyoturudishia pamoja na majalada. Utaiangalia baada ya upasuaji. Nataka mtu mmoja duniani aniambie kuna nini mle ndani.

Wako anayekupenda,
Bintiyo

*

Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba mara zote tatu, nimezipokea. Hatujambo.

Nimekwenda na shangazi yako, wamenipa tarehe sita Juni, siku ileile ya onyesho lenu, jicho la kulia kwanza. Nimeweka sahihi mahali kidole cha muuguzi kilipokuwa. Ninaogopa. Nakwambia wewe, yeye nimemwambia kwamba ni mafua.

Usije. Onyesho lisingoje chochote, watu wameshaambiwa. Ukija nitakuwa na kazi mbili, kuogopa na kujifanya siogopi. Ukiwa huko nitafanya moja tu. Siku hiyo wewe unguruma, nami nitajua kuna mtu ananipigia kelele upande wangu.

Na jicho lisipofunguka, usije ukaona haya kuniomba kazi. Vidole vipo.

Ni mimi,
Baba yako

*

Tarehe 8 Juni

Baba,

Shikamoo. Niliimba. Sauti ilikatika wimbo wa mwisho, watu wakadhani ni sehemu ya wimbo, wakapiga makofi. Nilikuwa nakuwaza.

Shangazi simu hapokei. Nani amekuwekea dawa? Unaona? Niandikie hata neno moja. Mwambie Shangazi aandike yeye.

Bintiyo

*

Tarehe 19 Juni

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Simu ya shangazi yako iliingia ndani ya ndoo ya maji siku ileile ya upasuaji, kwa kiherehere cha kunibebea mto wa kulalia, na mimi nilikatazwa kuinama wala kuandika siku kumi. Ndiyo sababu ya kimya chetu, si nyingine. Usiwaze mabaya.

Haya, nikueleze kama ilivyokuwa. Kisu sikukiona. Nimeteseka miezi kumi na mbili nikikiwaza na sikukiona kabisa, niliona mwanga wa rangi ya maziwa na nikasikia daktari akiongea habari za mpira na msaidizi wake. Asubuhi wakafungua bandeji. Shangazi yako alikuwa mbele yangu. Nilitaka kumwambia amezeeka, nikameza maneno. Nikamwambia anifungulie bahasha yako.

Nikaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Nimeona kila mstari, mwanangu. Nimeona mahali Kimya alipobadilisha kalamu, upande wa kushoto ni nyembamba zaidi. Nimeona alipotetemeka na aliporudia. Kona ya chini kuna doa la chai, limefutwa kwa kidole, na alama ya kidole imebaki. Mwambie mtu hanywi chai juu ya kazi. Nimeona vijishina vyote mpaka ncha, vingine vyembamba kuliko unywele.

Nikatafuta K. Sikuiona. Nikatafuta U, yoyote kati ya mbili. Nikaigeuza juu chini. Shangazi yako akaanza kuingiwa na hofu, akaniuliza, "Unaona nini, kaka?"

Nikamwambia, "Kichaka."

Akaanza kulia, masikini, na mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka na muuguzi akinigombeza nisilowanishe jicho. Ilinichukua muda kumweleza kwamba hizo ndizo habari njema.

Jicho la kushoto ni mwezi wa nane. Kabla ya hapo leteni kazi. Nitachapa mia mbili kama alivyochora Kimya, mstari kwa mstari, bila doa la chai. Na mia mbili nyingine zenye maua, kwa huyo mtu wa mbali aliyeulizia maua na wenzake. Safari hii nitayaweka huku nikiyaona.

Ni mimi, ninayekusikiliza hata sasa, mashine ikiwa kwenye mwendo wa mwisho,
Baba yako