Tebo ya Saba na Kwelea

Jumatatu, 12 Mei
Uji umezidi chumvi. Nimeunywa hivyo hivyo. Zuhura, mjukuu wangu wa darasa la nne, yuko mkekani na tebo ya saba. Mama yake, binti yangu Mwanaidi, amemkataza kuruka kamba, mchezo wa rede na shamba mpaka tebo ikae kichwani. Mtoto ametuama kama gunia la pumba. Saba mara nane? Arobaini, anasema. Jana ilikuwa sitini.

Akifeli mtihani wa Juni anahamia Dumila kwa mama yake mkubwa, akasome tyusheni. Sitaki. Nitabaki na Mwanaidi, na Mwanaidi hacheki.

Jumatano, 14 Mei
Kwelea wameshuka kwenye mpunga. Mwanaidi kaenda gulioni. Nikamwiba mtoto, tukaenda shamba. Yeye mbio na debe huku na huku, mimi nimekaa. Goti langu ni la kukaa. Alipokuja kunywa maji nikamchokoza: saba mara nane? Hamsini na sita, kasema, karudi kwa ndege.

Nimepanga punje za mahindi kuhakikisha. Kweli. Shule niliiachia darasa la tano, siamini vitu hivi hivi.

Jumamosi, 17 Mei
Tena, kwa siri. Akikimbia kwanza, kisha akasoma, tebo inakaa. Akishinda mkekani, inavuja.

Nimemuuliza mwalimu wake, Mkude, mtani wangu Mluguru. Kasema hata chuoni walifundishwa: mtoto mwenye mwili mkakamavu hukumbuka vizuri zaidi. Ila akikimbia bila kusoma, amefukuza ndege tu. Nikamuuliza mbona basi uwanja wa mpira wa shule wameulima mahindi. Kajifanya ana simu.

Jumanne, 20 Mei
Tumekamatwa. Matope kwenye sketi ya shule.

Mwanaidi kasema, "Baba, mimi nilifukuza ndege utoto wangu wote. Nimefika wapi?"

Imeniuma. Begi la mtoto la kwenda Dumila limefungwa, liko mlangoni. Nimemwomba Mwanaidi asubiri mtihani. Kakubali kwa shingo upande. Shamba marufuku.

Alhamisi, 5 Juni
Mtihani. Kila mtoto anasimama mbele na kutaja tebo. Mimi sijala kitu.

Jioni Mkude kaja mwenyewe. Zuhura alikwama kwenye saba mara nane. Akaomba ruhusa ya chooni. Mwalimu akamwona dirishani anapita mbio, akapita tena, na tena, chooni haingii. Akarudi anahema, akaimaliza tebo yote. Amefaulu. Mkude kamkata alama moja kwa uongo wa choo. Mtani mchoyo.

Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho. Kalitoa begi mlangoni.

Jumapili, 8 Juni
Mpunga tumeshakata. Ndege wamehama.

Natafuta ugoro wangu tangu asubuhi, sikumbuki nimeuweka wapi. Zuhura kaniambia, "Babu, zunguka nyumba kwanza." Nimezunguka. Goti linauma, ugoro sijauona.

Mwanaidi ameishusha kamba kutoka juu ya kabati. Wako uani wanaruka wote wawili, mtoto anataja tebo ya nane, mama anakosea hatua.

Anacheka.