Kofia Iliyotoa Siri Yangu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako zimefika hapa Malindi. Sisi wazima, Bibi yako goti linamsumbua, lakini jikoni hatoki. Umeniuliza nilifanyaje hata nikawa bingwa wa karata, maana huko chuoni wanakufunga kila mkicheza.

Na mimi nilifungwa sana. Ramadhani, tukingojea magharibi, nilikuwa nikicheza barazani na Mzee Ame, Mtumbatu mpole, kwa heshima tu, bila dau. Kila nikipata turufu kubwa, yeye hazitoi karata zake nzuri. Nikamwambia ananichungulia. Akacheka: "Sikuchungulii, mwanangu. Ukipata karata nzuri, kofia unaisukuma kisogoni."

Kumbe! Nikaona haya, nikaapa sitoki barazani mpaka nimshinde. Kuivua kofia nikakataa, angejua namwogopa. Mwezi mzima nikauchunga mkono wangu kuliko karata zake. Nilifungwa, nikarudi, nikafungwa tena. Siku ya mwisho ya mfungo nikashika ree ya turufu, karata inayozishinda zote, na mkono ukatulia gotini. Ame akaitazama kofia, akatoa karata yake kubwa bila wasiwasi, nikaikata.

"Leo nnacheza na nani?" akauliza.

Basi usiwachunguze wenzako tu, Zuhura, jichunguze na wewe. Na kesho urudi mezani.

Kazi hiyo mwenyewe sijaimaliza. Nilipoanza barua hii, Bibi yako alichungulia mlangoni akasema: "Unamwandikia Zuhura. Kofia ishafika kisogoni."

Babu yako